Okot p'Bitek na Ufundishaji wa Fasihi

Mwanachuo anayejiandaa kuwa mwalimu wa shule ya msingi ana haki ya kutuuliza sababu ya kumtwika habari za mtunzi wa Kiacholi aliyefariki zamani, hali yeye atakwenda kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu katika vijiji vya Shinyanga au Geita. Swali hilo tumeulizwa hapa Tinde zaidi ya mara moja. Jibu letu ni kwamba Okot p'Bitek, kabla sifa zake hazijavuka mipaka ya Afrika, alikuwa mwanachuo wa ualimu kama wao. Aidha, jambo aliloligombania maisha yake yote, yaani fasihi ya nani inastahili kusomwa darasani, halikubaki katika vyuo vikuu. Huingia kila asubuhi katika chumba cha darasa la tatu, pamoja na chaki na daftari la mahudhurio.

Okot alizaliwa mwaka 1931 huko Gulu, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Kiprotestanti. Mama yake alikuwa mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma aliyejulikana katika nchi ya Waacholi. Yafaa msomaji aizingatie jozi hiyo. Ndani ya nyumba moja palikuwa na ubao na palikuwa na ngoma. Palikuwa na kitabu cha sala, na palikuwa na wimbo wa kejeli unaotungwa leo juu ya jirani na kuimbwa kesho na kijiji kizima. Waacholi, kama walivyo Wasukuma, wana ngoma za namna nyingi, na kila ngoma ina nyimbo zake, rika lake na majira yake: iko ya vijana wakati wa mbalamwezi, iko ya msiba, iko ya kuchezwa mbele ya mtawala. Mtoto hakufundishwa fasihi hiyo kwa vipindi vya ratiba. Aliikuta, akaifuata, akaimba vibaya, akachekwa, akaimba tena.

Alisoma Gulu, kisha akaenda King's College, Budo, karibu na Kampala, shule iliyosifika kwa kuwalea watoto wa wakubwa wa Uganda. Huko Budo kipaji chake cha muziki kilionekana mapema, hata akatunga na kuongoza mchezo wa kuimbwa akiwa bado mwanafunzi. Kutoka Budo aliingia Chuo cha Ualimu cha Serikali, Mbarara, kwa mafunzo ya miaka miwili. Na alipohitimu alirudi kwao kufundisha Kiingereza na maarifa ya dini katika shule ya Sir Samuel Baker, karibu na Gulu. Alikuwa pia mwalimu wa kwaya na mchezaji hodari wa kandanda. Kwa ufupi, alikuwa mwalimu wa namna ile ambayo wakuu wa shule huifurahia, kwa sababu mtu mmoja huziba mapengo manne.

Ilikuwa katika miaka hiyo ya Mbarara, mwaka 1953, kwamba alichapisha kitabu chake cha kwanza, Lak Tar Miyo Kinyero Wi Lobo, hadithi ndefu kwa lugha ya Kiacholi. Umri wake ulikuwa miaka 22. Kitabu kilitolewa na Eagle Press, tawi la uchapaji la East African Literature Bureau, shirika lililoundwa mwaka 1948 kwa ajili ya kuchapisha vitabu katika lugha za Afrika Mashariki. Hadithi yenyewe ni ya kijana Okeca Ladwong, aliyefiwa na baba, ambaye anampenda msichana lakini hana mali ya kutoa mahari. Anakwenda Kampala kutafuta fedha. Anataabika, anazipata kwa jasho, na akiwa safarini kurejea kwao anaibiwa zote.

Tunapowasimulia wanachuo hadithi hiyo, darasa hunyamaza. Katika ukanda huu hakuna asiyemjua Okeca. Ni kaka yake aliyekwenda Mwadui wakati almasi ilipokuwa ikiajiri, au mjomba aliyeingia katika mashimo ya dhahabu ya Geita kwa nia ya kurudi na fedha za kununulia ng'ombe wa kuolea, akarudi na kikohozi. Njia panda ya Tinde, ambako barabara itokayo Nzega hugawanyika, moja ikienda Shinyanga na Mwanza na nyingine Isaka na Kahama, imewapitisha akina Okeca wengi kuliko tunavyoweza kuwahesabu. Na hapa ndipo tunapomwomba mwanachuo ajiulize: je, katika miaka yake yote ya shule, ni mara ngapi alisoma kitabu ambacho ndani yake alimkuta mtu wa mlango wa pili? Okot aliona kwamba kitabu cha namna hiyo hakipo katika lugha ya kwao, akakiandika, bila kungoja shahada.

Mwaka 1956 alikwenda Uingereza pamoja na timu ya kandanda ya Uganda, timu iliyowashangaza Waingereza kwa sababu wachezaji wake wengi walicheza bila viatu. Timu ikarudi, Okot akabaki kusoma. Alianza na mafunzo ya elimu katika Chuo Kikuu cha Bristol, akasoma sheria huko Aberystwyth, nchini Wales, na mwishowe akaingia Oxford kusoma elimu ya jamii na mila za watu. Masomo mawili ya kwanza tunayapita haraka, kwani hayakumbadilisha sana. Oxford ilimbadilisha.

Alifika huko akidhani amekwenda kupata zana za kuwachunguzia watu wake. Badala yake alijikuta ameketi katika ukumbi ambamo wahadhiri waliwataja Waafrika, mbele yake, kwa maneno ya kuwaita washenzi na watu wa kale wasioendelea, wala hawakuona kwamba wamesema neno baya. Kwao yalikuwa maneno ya kitaalamu. Okot alilalamika. Malalamiko yake hayakubadili kitu. Miaka kadhaa baadaye, katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika na wataalamu wa Magharibi, alilirudia tukio hilo katika utangulizi, na ni dhahiri kwamba lilikuwa bado linamuuma. Hata hivyo hakuacha masomo. Alichagua kuandika juu ya nyimbo za Waacholi na Walango, akapata shahada yake ya B.Litt mwaka 1963. Kwa maneno mengine, alikwenda hadi Oxford akaandika habari za nyimbo alizozijua nyumbani kwa mama yake.

Hapa yatupasa kusimama kidogo tueleze hali ya masomo ya fasihi katika Afrika Mashariki wakati huo, kwani bila hayo msomaji hataona uzito wa mambo yaliyofuata. Chuo cha Makerere kilianzishwa mwaka 1922, na kuanzia mwaka 1949 kilikuwa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, ambacho ndicho kilichotoa shahada zake mpaka mwaka 1963. Kusoma fasihi katika Makerere kulikuwa na maana ya kusoma Kiingereza: Chaucer, Shakespeare, Milton, na waliowafuata. Somo halikuitwa fasihi ya Waingereza. Liliitwa Kiingereza tu, kana kwamba hakuna taifa jingine lililowahi kutunga. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere katika mkutano uliosifika sana, lakini ulikuwa mkutano wa wale walioandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, ambaye alikuwa ameandika mashairi na hadithi kwa Kiswahili kwa miaka mingi, hakuwamo. Alifariki mwezi huo huo.

Wala jambo hili halikuwa la Waingereza peke yao. Japani iliitawala Korea tangu mwaka 1910 hadi 1945, na mwaka 1924 ilianzisha huko chuo kikuu cha kifalme, katika mji ambao leo ni Seoul. Katika chuo hicho fasihi ya Kijapani ilisomwa kwa jina la fasihi ya taifa, na fasihi ya Wakorea wenyewe ikasomwa kando, kwa jina la koloni. Shuleni mtoto wa Kikorea alifundishwa Kijapani kwa jina la lugha ya taifa. Ukoloni ulipokwisha, Wakorea walilazimika kujibu swali gumu: je, Kijapani na fasihi yake sasa vifundishwe vipi, na nani, na kwa nia gani, hali wasomi wao wengi walikuwa wamelelewa ndani yake? Mtu hawezi kuyasahau aliyoyasoma kwa sababu tu bendera imeshushwa. Lakini aweza kulibadili jina la somo, na kulisoma kama mtu asomaye habari za jirani badala ya kuzisoma kama habari za baba yake. Ndilo swali lililokuwa likiingoja Afrika Mashariki, na ndilo lililomkuta Okot aliporejea.

Aliporejea Uganda hakwenda kukaa ofisini Kampala. Alifanya kazi Gulu, katika idara ya Makerere iliyofundisha watu wazima nje ya chuo, na huko akaanzisha tamasha la sanaa ambalo wakulima na waimbaji wa vijijini walikuwa ndio wasanii. Na huko ndiko aliko kamilisha utenzi, kama twaweza kuuita hivyo, uliomfanya ajulikane: Wer pa Lawino. Aliutunga kwa Kiacholi, kisha akaufasiri mwenyewe kwa Kiingereza. Mwaka 1966 shirika la East African Publishing House la Nairobi liliutoa kwa Kiingereza kwa jina la Song of Lawino. Kiacholi chenyewe hakikuchapishwa mpaka mwaka 1969. Na mwaka 1975 ukatoka kwa Kiswahili, Wimbo wa Lawino, kwa tafsiri ya Paul Sozigwa. Mama akazaliwa baada ya binti yake.

Lawino ni mwanamke wa kijijini asiyesoma. Mumewe Ocol amesoma mpaka Makerere, na sasa anamwona mkewe kuwa mshamba, anaona aibu kwa ngoma za kwao, kwa vyakula vya kwao, na kwa dini ya wazazi wake. Amempata mwanamke mwingine wa kisasa. Lawino hapigani wala haondoki. Anaimba. Analalamika kwa ukoo wake, anamcheka mumewe na saa yake ya ukutani, anawacheka wanasiasa wanaogombana hali njaa haijapungua, na katika sehemu moja ambayo kila mwalimu angepaswa kuisoma peke yake usiku, analia kwamba nyumba ya mumewe imejaa vitabu kama msitu wenye giza, na kwamba vijana wa kijiji wamekwisha uanaume wao humo darasani. Kiini cha ombi lake kimo katika methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa mmea wa boga katika mahame. Watoto wa Tinde hawahitaji maelezo ya picha hiyo. Wanajua kwamba pale palipokuwa na zizi boga huota lenyewe, na kwamba anayelichuma hahitaji kuwa wa ukoo ule.

Wengi wetu tulikutana na Lawino katika shule ya sekondari, kwani kitabu hicho kiliwekwa katika orodha ya vitabu vya ushairi katika somo la fasihi ya Kiingereza. Tunakiri jinsi tulivyosomeshwa. Tuliandikiwa ubaoni dhamira saba, tukazinakili. Tukaandikiwa wahusika na tabia zao, tukazinakili. Tukaandikiwa tamathali za usemi, tukazikariri mpaka zikatoka zenyewe usingizini. Mtihani ulipofika tulizimwaga, tukafaulu. Katika muda wote huo hakuna mtu hata mmoja aliyeimba. Hakuna aliyetuambia kwamba mtunzi wake alikuwa mwana wa mwimbaji, wala kwamba Waacholi wana ngoma za kejeli kama walivyonazo Wasukuma. Lawino, aliyelalamika kwamba darasa lilimmeza mumewe, alimezwa na darasa lile lile, mbele ya macho yetu, na sisi tukapewa alama.

Mwaka 1966 Okot alikabidhiwa uongozi wa Kituo cha Utamaduni na Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, mjini Kampala. Jumba hilo lilikuwa limezoea michezo ya Kizungu. Yeye akawaleta wacheza ngoma kutoka mikoani, akaandaa tamasha kubwa la siku nane katika sherehe za uhuru za mwezi Oktoba. Lakini ulimi wake haukujua kupindisha maneno mbele ya wenye madaraka, na kabla mwaka 1968 haujaisha alikuwa ameondolewa kazini. Habari zilimfikia akiwa katika safari ya Zambia. Akahamia Kenya. Kule Kisumu, akifanya kazi katika tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi la elimu ya watu wazima, alifanya tena lile lile alilolifanya Gulu: akaanzisha tamasha la sanaa. Mtu aliyefukuzwa kazi kwa sababu ya jambo fulani, akaenda nchi ya pili akalianza upya jambo hilo hilo, huyo hawezi kudhaniwa kwamba alikuwa akitafuta cheo.

Nairobi yenyewe ilikuwa inachemka. Mwezi Septemba 1968 lilikuwa limetolewa pendekezo juu ya maendeleo ya kitivo cha sanaa, pendekezo ambalo bado liliiweka Idara ya Kiingereza katikati ya mambo. Tarehe 24 Oktoba 1968 walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kupinga. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kuitekeleza: kwa nini Uingereza iwe kitovu, na Afrika iwe tawi linaloongezwa nafasi ikipatikana? Walitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, mahali pake pawe na idara itakayoweka fasihi ya Afrika katikati, ikianza na fasihi simulizi, kisha itoke kwenda kwa jirani na kwa dunia nzima. Hawakusema Shakespeare atupwe. Walisema asiketi katika kiti cha mwenye nyumba. Baada ya mabishano marefu idara ikabadilishwa ikawa Idara ya Fasihi. Okot aliingia kufundisha Nairobi mwaka 1971, wakati mageuzi hayo yalipohitaji mtu wa kuyatenda.

Na aliyatenda kwa namna yake. Alikataa maana ya fasihi inayoifunga katika maandishi, kwa sababu kwa maana hiyo mama yake mwenyewe, mtunzi wa nyimbo, asingekuwa na fasihi. Kwake yeye fasihi ilikuwa ni kila kazi ya ubunifu iliyotendwa kwa maneno, yawe yameimbwa, yamesemwa au yameandikwa. Na kipimo chake cha kwanza ni kama watu wanaiitikia. Mwaka 1974 alitoa Horn of My Love, mkusanyo wa nyimbo za Waacholi pamoja na tafsiri zake, na mwaka 1978 Hare and Hornbill, mkusanyo wa ngano. Tunawashauri wanachuo wanaojua Kiingereza wautazame ule wa kwanza, hata kwa saa moja tu, ili waone namna alivyokusanya. Wimbo kwake hauna maana ukikatwa kutoka katika ngoma yake. Anaeleza ngoma ni ipi, huchezwa lini, na nani humwimbia nani. Mwanachuo anayetumwa kijijini kukusanya vitendawili akarudi na orodha ya vitendawili 30 bila jina la mtoaji wala wakati wa kutegwa, huyo amerudi na maganda.

Tungependa sasa kusimulia jambo lililotokea katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ambayo hatutaitaja. Tuliketi nyuma ya darasa la tatu tukiwa na fomu ya tathmini mkononi. Mwanachuo wetu alikuwa na andalio zuri la somo la Kiswahili, na katika hatua ya tatu aliwataka watoto wasimulie hadithi. Wawili walisimulia habari za sungura na fisi kama zilivyo katika kitabu cha kiada, neno kwa neno. Kisha akasimama msichana mmoja mdogo, akaanza kusimulia habari za Masala Kulangwa, yule kijana wa hadithi za Usukuma aliyemshinda zimwi Shing'weng'we lililokuwa limemeza watu wote. Alisimulia kwa Kiswahili, cha kusitasita lakini kinachoeleweka. Alipofika mahali ambapo hadithi hudai wimbo, aliuimba kwa Kisukuma, kama alivyousikia kwao. Na darasa zima, pasipo kuambiwa, likaitikia.

Mwanachuo aligonga meza. Aliwakumbusha kwamba hicho ni kipindi cha Kiswahili, akamwambia msichana aketi, akaendelea na hatua ya nne. Msichana aliketi akainamisha kichwa hadi kengele ilipolia. Zimwi halikuuawa, watu wote walibaki tumboni mwake. Nasi tuliandika katika fomu kwamba mwalimu ana udhibiti mzuri wa darasa na amezingatia muda, tukampa alama ya juu.

Hatukuona kosa siku ile. Tulikuja kuliona wiki kadhaa baadaye, tulipokuwa tunasoma tena habari za Okot kule Oxford, aliyelalamika asisikilizwe. Tulikuwa tumezoea kujiweka upande wake. Ghafla tukatambua kwamba katika darasa lile tulikuwa tumeketi katika kiti cha wahadhiri, tena tukiwa na kalamu.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba Kiswahili kiachwe. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za umma, na sisi tunaofundisha katika njia panda tunaujua umuhimu wake kuliko wengi. Katika darasa moja hapa huweza kukaa Msukuma, Mnyamwezi, Msumbwa, Muha, na mtoto wa mfanyabiashara aliyetoka mbali asiyejua lugha hata moja kati ya hizo. Mwalimu atakayeendesha kipindi chote kwa Kisukuma atakuwa amewafungia mlango watoto hao, na hilo nalo ni kosa. Lakini wimbo wa mistari miwili ndani ya hadithi haufungi mlango. Mwalimu angeweza kumwacha msichana amalize, akauliza darasa wimbo ule unasema nini, akaandika maana yake ubaoni kwa Kiswahili, akamtaka yule mtoto wa Kiha aseme kama kwao liko zimwi la namna hiyo na huitwaje. Hapo angepata msamiati, ufahamu, na utungaji kwa pamoja. Kitabu cha kiada kisingepungukiwa kitu.

Wala Okot mwenyewe hatumchukui kama mtu asiyekosea. Wasomaji wengi wameona, nasi tunakubaliana nao, kwamba Lawino anamshambulia yule mwanamke wa kisasa kwa ukali mwingi kuliko anavyomshambulia mumewe, na kwamba si kila cha kale anachokitetea kilikuwa kizuri kwa wanawake. Ocol alipewa nafasi ya kujibu katika Song of Ocol, mwaka 1970, lakini jibu lake ni la mtu mwenye hasira anayetaka kubomoa kila kitu, na mtu wa namna hiyo hashindi shauri. Rafiki yake Taban lo Liyong alilalamika kwa miaka mingi kwamba tafsiri ya Kiingereza imepoteza mengi yaliyomo katika Kiacholi, na mwisho akatoa tafsiri yake mwenyewe mwaka 2001. Na liko jambo jingine ambalo wanachuo wetu hulitaja kwa haraka sana: Okot, aliyesoma Budo, Bristol, Aberystwyth na Oxford, alikuwa Ocol kuliko Ocol. Ni kweli. Ndiyo maana alimjua vizuri.

Miaka ya Idi Amin, tangu 1971 hadi 1979, Okot hakuweza kurudi kufanya kazi kwao. Alikaa Nairobi, na mwaka 1978 akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ife, Nigeria. Katika miaka hiyo alitoa Song of Prisoner na Song of Malaya, wimbo wa mfungwa na wimbo wa malaya, ambazo ni chungu kuliko Lawino. Mtu aliyeandika Lawino alikuwa bado na kijiji cha kurudi, na aliyeandika za baadaye alikuwa hana. Mwezi Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala, utawala wa Amin ukaanguka, na njia ya kurudi ikafunguka. Alirejea Makerere, chuo kile kile kilichokuwa ngome ya Kiingereza, akafanywa profesa wa utunzi. Kazi hiyo hakuifanya kwa muda mrefu. Alifariki Kampala mwezi Julai 1982, umri wake miaka 51.

Baada ya kifo chake zilikusanywa insha zake katika kitabu Artist, the Ruler, kilichotolewa mwaka 1986, na mwaka 1989 ile hadithi ya Okeca ikatoka kwa Kiingereza kwa jina la White Teeth, miaka 36 baada ya mwanachuo wa Mbarara kuichapisha kwa lugha yake.

Mazoezi ya kufundisha yaliyofuata tuliomba kurudishwa katika shule ile ile. Tulikwenda na mwanachuo mwingine, na safari hii andalio la somo lilikuwa na nafasi ya dakika kumi iliyoachwa wazi kwa hadithi ya Shing'weng'we, pamoja na wimbo wake. Tulimtafuta msichana yule. Mwalimu wa darasa alifungua daftari la mahudhurio akatuonyesha jina lake, limekatwa kwa wino mwekundu. Wazazi wake walikuwa wamehamia machimboni upande wa Geita. Tukamwomba mtoto mwingine asimulie. Alianza vizuri, lakini alipofika kwenye wimbo alisimama, akamtazama mwalimu usoni, akangoja.